Mwambie Baba Yako

"Dorkas, mwambie baba yako uji uko tayari."

Baba alikuwa ameketi hapo hapo jikoni, upande wa pili wa mafiga. Angenyoosha mguu angegusa kigoda cha mama.

"Baba, mama anasema uji uko tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, baba anasema amesikia."

"Muulize anautaka sasa au mpaka upoe."

"Baba, unautaka sasa au mpaka upoe?"

"Mwambie upoe kidogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila asubuhi tangu nirudi nyumbani Mhezi. Nimesomea ualimu, cheti ninacho, lakini kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa hiyo ya kuchukua maneno kwa mama, kuyatua kwa baba, na kurudi na majibu.

Asubuhi ile nilikuwa nimeanza kumimina uji kwenye bakuli la baba aliposema, kwa sauti ile ile ya kuomba uji upoe:

"Na mwambie mama yako, kesho kutwa dada Eliakunda anapanda kutoka Same. Anakuja kumchukua Dina."

Uji ukanimwagikia mkononi. Sikupiga kelele. Mimi hata nikiungua naona haya.

Mama hakungoja nifikishe. "Kumchukua ampeleke wapi?" Kisha akakumbuka utaratibu, akanigeukia. "Muulize, kumchukua ampeleke wapi?"

"Mwambie akapate joto la chini. Ukungu wa huku mlimani umemwingia kichwani. Na yuko mtu mmoja anaitwa Reginald, ana duka karibu na stesheni, amefiwa na mkewe. Mtu wa heshima. Amesema atangoja mpaka mtoto apone."

"Muulize, apone ndipo aolewe, au aolewe ndipo apone?"

Baba akafikiri. "Mwambie, lolote litakalotangulia."

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nieleze kwa kifupi.

Dina ni mdogo wangu, ana miaka kumi na mitano. Alikuwa mtoto wa kuchekesha nyumba nzima, wa kuigiza mwendo wa mwinjilisti akiteremka njia yenye matope. Vuli ilipokaribia akaacha shule, akaacha kucheka, halafu akaacha kusema. Sasa hulala chumbani mchana kutwa, macho wazi. Ukimpa chakula anakula kidogo kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Zahanati walimpa dawa ya minyoo. Wazee wa kanisa walimwombea. Bibi mmoja jirani alisema amepewa jina lisilo lake. Baba alisema ni uvivu. Minyoo ilitoka, Dina akabaki vile vile.

Na wazazi nao walikuwa wamenuniana tangu kiangazi. Kwetu tunamwagilia mashamba kwa zamu. Maji ya kijito hufungiwa usiku kwenye bwawa tunaloliita ndiva, na alfajiri mwenye zamu hufungua, yakateremka kwenye mfereji mpaka shambani kwake. Baba alimpa rafiki yake Anaeli zamu ya mama, bila kumuuliza mama. Mama alifika shambani na jembe begani, akakuta mfereji mkavu, na kule chini maharage ya Anaeli yanakunywa. Ya kwake yakakauka. Alirudi nyumbani akamwambia baba, "Sina neno na wewe."

Baba alidhani ni hasira za siku moja. Kumbe ilikuwa ahadi.

Tangu hapo wakawa wanasemezana kwa kupitia Dina. Dina aliponyamaza wakamtumia paka, na paka alikuwa hafikishi. Ndiyo maana nilipopanda mlima na sanduku kichwani, nikitegemea kupongezwa kwa cheti changu, mama alinikumbatia akasema, "Afadhali umekuja. Mwambie baba yako paa linavuja."

Sasa turudi kwenye uji.

Nilipaka mkono wangu mafuta, nikaenda chumbani kwa Dina na beseni la maji ya moto. Nilikuwa nimezoea kumwosha miguu. Hakuwa anakataa, wala hakuwa anasaidia.

"Umesikia habari ya shangazi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Unataka kwenda?"

Akainua mabega.

"Dina, sema tu hutaki. Ukisema, nakwenda kumwambia baba sasa hivi."

Hapo akanishika mkono, penye malengelenge kabisa.

"Dada, usiwe unawapelekea maneno." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu nirudi, na sauti ilikuwa imekauka kama ya mgonjwa wa kifua. "Yanabaki mwilini."

"Maneno gani?"

Akajifunika shuka mpaka kichwani.

Chuoni tulifundishwa kumfundisha mtoto kujumlisha kwa kokoto. Tulifundishwa kuimba na kushona na kupima joto la mgonjwa. Juu ya mtoto anayelia bila machozi hatukufundishwa lolote. Basi nikaelewa nilivyoweza kuelewa. Nilidhani Dina anasema maneno ya wazazi wetu ni machungu mno.

Kwa hiyo nikaamua kuyatia sukari.

Niliona kwamba baba na mama wakipatana, watamkatalia shangazi kwa sauti moja. Lakini nilikuwa na siku mbili tu, na wote wawili wana masikio. Bahati ikanisaidia. Baba, kwa kuudhika na swali la kupona na kuolewa, akahamia barazani kula. Kati yake na jikoni pakawa na ua mzima, na kwenye ua ule nikapata nafasi ya kutenda dhambi.

Mchana ule baba alionja makande, akatua kijiko.

"Mwambie mama yako, makande haya hata mbuzi angeuliza chumvi iko wapi."

Nikavuka ua. Moyo ulinipiga kama nimeiba sadaka.

"Mama, baba anasema makande ya leo yamemkumbusha siku mliyooana."

"Siku tuliyooana tulikula wali."

"Labda alimaanisha furaha, mama."

Mama alilitazama sufuria. Kisha akatabasamu, upande mmoja tu wa mdomo, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Jioni akapika makande yale yale, bila chumvi vile vile, na akamjazia sahani.

"Muulize mama yako ananitafuta nini," baba akasema.

"Mama, baba anauliza kama yamebaki mengine."

Yalikuwepo. Baba akayala na kesho yake pia. Nikikumbuka yale maharage, sikumwonea huruma sana.

Kesho hiyo asubuhi mama akanipa shati la baba, limekunjwa. "Mpelekee. Mwambie nimelifua kwa sababu lilikuwa linanuka mpaka kanisani watu wanahama benchi."

"Baba, mama amekufulia shati. Anasema ukilivaa kanisani, watu wanakutazama."

Baba akalipokea kwa mikono miwili. "Amesema hivyo?"

"Amesema benchi zima."

Akalivaa kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mama akamchungulia kwenye nyufa za jiko.

"Huyu anakwenda kumposa nani?"

Nikamkimbilia baba kabla hajatoka uani. "Mama anasema ukivaa hivyo anamwona yule kijana aliyekwenda kumposa kwao Suji."

Msomaji, hapo nilizidisha. Naandika haya mashavu yakiwaka. Lakini ungemwona baba! Alikata majani kwa mluzi. Alirudi na mkungu wa ndizi begani, akautua mlangoni mwa jiko, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Mwambie mama yako umeanguka wenyewe!"

Mkungu ulikuwa umekatwa panga moja safi. Mama aliutazama ule mkato. Baadaye nikamsikia anaimba huku anamenya.

Nikaenda chumbani. Dina alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, kichwa ameinamisha.

"Ni mama anayeimba?"

"Ni yeye."

Hakucheka, lakini hakurudi kulala. Akaniomba kitana. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la ng'ombe, halafu nikajipongeza. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Kosa la mtu mwenye haya ni hili: akithubutu mara moja na ikawa, anadhani amekuwa hodari.

Alasiri baba alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jiko. Shati amelifunga vifungo mpaka shingoni. Alikuwa amenyoa. Akasimama pale kama mtu aliyetumwa na watu wengine.

"Dorkas, mwambie mama yako, kama kweli ananiona yule kijana wa Suji, basi kesho Eliakunda akija, tumpokee pamoja, tuzungumze habari ya mtoto."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alikuwa nyuma yangu, hatua moja.

"Kijana gani wa Suji?"

"Mwambie, yule aliyemsema asubuhi."

"Nani amesema? Mimi nilisema shati linanuka!"

"Linanuka? Na mimi nilisema makande hayana chumvi!"

"Wewe ulisema yamekukumbusha harusi!"

"Harusi gani ya makande? Siku ile tulikula wali!"

"Ndivyo nilivyosema na mimi!"

Walikuwa wanasemezana. Uso kwa uso, bila mjumbe, wanakubaliana hata juu ya wali. Nilikaribia kupiga makofi. Kisha wote wawili, pamoja, wakanigeukia.

"Mwalimu," mama akasema polepole. "Haya ndiyo mliyofundishwa huko?"

"Nilitaka..."

"Ulitaka kunicheka," baba akasema. "Nimenyoa ndevu, mwanangu. Nimenyoa mchana wa siku ya kazi."

Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akabaki na fulana. Alitaka kuniambia "mwambie mama yako," nikaona mdomo unaanza, halafu ukasita. Hakuniamini tena. Akatafuta huku na huku mpaka akamwona paka chini ya kinu.

"Mwambie Mama Dorkas," akamwambia paka, "Dina anaondoka kesho. Limekwisha."

Nilipokwenda chumbani kitana kilikuwa sakafuni na Dina amejifunika shuka.

Shangazi Eliakunda alifika kabla jua halijapanda juu ya mlima. Ni mwanamke wa maungo, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Viatu alivibeba mkononi njia yote ya kupanda, akavivaa langoni kwetu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwalimu. Bado hujapata mchumba? Usijali, tumalize kwanza la mdogo wako. Wifi, hamjambo humu?"

"Hatujambo, wifi," mama akajibu jikoni, akichekecha unga. Hakumkaribisha kiti. Shangazi akajikaribisha, akafungua kifurushi chake, akatandaza kanga mpya magotini.

"Hii ameileta Reginald. Haijavaliwa na mtu. Marehemu mkewe alikufa kabla hajaifungua."

Hakuna aliyeigusa.

"Msinitazame hivyo. Yule ni mtu mkubwa Same. Hata karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hununua sigara kwake. Na msichana akipata nyumba yake, huzuni inakosa pa kukaa. Mimi mwenyewe katika umri huo nilikuwa nalialia hivi hivi. Nilipoolewa nikaacha."

"Uliacha wewe," mama akasema, "akaanza mumeo."

Baba alikohoa kuficha kicheko. Nilimwona. Lakini shangazi si mtu wa kupotezwa njia.

"Kaka, nimetembea tangu usiku. Mama yake amekubali au hajakubali?"

Baba akanitazama. Nadhani kwa dada yake aliona aibu kumtumia paka.

"Dorkas, muulize mama yako kama amekubali."

Sijui yalitoka wapi. Mimi niliyeshindwa hata kupiga kelele nikiungua.

"Sipeleki."

"Umesemaje?"

"Sipeleki, baba. Samahani, baba. Shikamoo."

Hiyo shikamoo ilinitoka kwa hofu tu. Hakuna aliyeiitikia.

"Yasiwe makubwa," shangazi akasema. "Nitauliza mimi. Wifi, kaka anauliza, umekubali?"

"Mwambie kaka yako kwamba mtoto wangu si..."

"Kaka, amekubali."

"Sijamaliza!"

"Umesema 'mwambie kaka yako.' Mtu aliyekataa hatumi salamu."

Mama akainuka, na baba akainuka, na shangazi akainuka na kanga yake, na mimi nikarudi nyuma mpaka nikakanyaga paka. Katikati ya kelele za paka, mlango wa ndani ukafunguka.

Dina alikuwa amenawa. Amevaa gauni la shule, nguo pekee aliyokuwa nayo safi, nalo lilimpwaya mabegani. Mkononi alikuwa na mzigo mdogo uliofungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo shangazi," akasema. "Niko tayari. Twende."

Mama akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Baba akakaa kizingitini. Hawakuwa wameisikia sauti hiyo tangu kabla ya vuli.

"Mnaona!" shangazi akapiga kelele. "Hata sijamgusa, amepona!"

"Dina," nikamwambia, "unataka kuolewa na mtu huyo?"

"Sitaki."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kulala. Kwa shangazi nitalala. Hapa silali, nasikiliza mlango."

"Mlango gani?"

Akaweka mzigo chini. Hakumtazama yeyote, alitazama mafiga.

"Kuna neno moja nilipewa, sikulifikisha. Siwezi kuteremka nalo mlima. Baba, mama alinituma nikwambie, vuli ikiisha anarudi kwao Suji. Na asitafutwe."

Moto ulikuwa unalia tu kwenye kuni mbichi.

"Alikutuma lini?" baba akauliza. Alimuuliza Dina mwenyewe, si kwa kupitia kwangu.

"Siku chache kabla sijaacha shule."

"Hukumwambia?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo, karibu kama ya mtoto. "Dina, hukumwambia?"

"Ningemwambia, angenituma nikwambie 'nenda.' Mimi nayajua majibu yenu yote, mama, nimeyabeba. Nikasema nitanyamaza. Halafu nikaona nikifungua mdomo hata kuomba maji, hilo litatoka pamoja nayo. Na ningekwenda shule, nani angekuwa nyumbani siku ukitoka na mzigo wako?"

Nikakumbuka kwamba tulimpa dawa ya minyoo.

Shangazi alikuwa ameanza kuikunja ile kanga, polepole, akiilinganisha pembe kwa pembe. 

"Vuli imekwisha," baba akasema. Alikuwa kama mtu anayehesabu kitu kichwani na hesabu inamkataa. "Imekwisha, na bado yupo. Muulizeni kwa nini bado yupo."

Hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nimeapa. Shangazi alishughulika na kanga. Paka alikuwa amekwishakimbia.

Dina akachukua mzigo wake. "Nimefikisha," akasema. "Twende, shangazi."

Akampita baba akatoka uani. Alifika kwenye mbuni wa kwanza wa shamba la kahawa, pale njia inapoanza kuteremka, akasimama. Hakugeuka nyuma. Alikuwa anamngoja shangazi, au hivyo ndivyo nilivyodhani mimi.

Mama akatoka mpaka kizingitini, mikono ina unga. Alinipita bila kunitazama. Alipita na mbele ya shangazi. Akasimama mbele ya baba, karibu, mpaka baba ikambidi ainue uso.

"Baba Dorkas."

Hakuwa amemwita hivyo tangu maharage yakauke.

"Vuli nzima nilikuwa nangoja jibu. Ukila kimya, ukilala kimya, nikajua umeambiwa, na kwamba kimya ndicho jibu lako. Mimi Suji sikutaka kwenda hata siku moja. Nilitaka uniambie nikae. Na mtazame huyu mtoto alivyosimama na mzigo wake. Naye anangoja aambiwe hivyo hivyo, na katika nyumba hii hakuna mtu anayemwambia."